Shaba ya Mama Neema Ukingoni mwa Barafu

Niliondoka Yeoville, mtaa wetu wa Johannesburg, mwishoni mwa 2017 kwa sababu dada Furaha, binamu yangu, alihitaji mikono miwili ya ziada. Msaidizi wake alikuwa ameugua, na meli ya utafiti haimngoji mtu. Furaha anasomea bahari. Hupima shaba na chuma katika maji ya kusini kabisa, kiasi kidogo mno, na jinsi vinavyohama kati ya maji na chembe zinazoelea humo. Mimi naandika riwaya. Tulikubaliana kwamba nitabeba chupa na kupunguza maswali.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda kusukwa nywele kwa Mama Neema, mtu wa Lubumbashi kama sisi, mji wa migodi ya shaba kule Kongo.

"Bon, weye unaenda kwenye barafu bila kitu cha kwetu?"

"Nina sweta, Mama."

"Sweta ni ya duka. Inama."

Nikainama, na vidole vyake vikanilaza usingizi.

Basi la kwenda Cape Town lilivuka Karoo mchana kutwa, nchi kavu, tambarare, yenye anga kubwa kuliko inavyohitaji. Bandarini, Furaha alinikagua kwenye ngazi ya meli. Pete, hereni, mkanda, vyote vikaingia kwenye mfuko wake.

"Na usipake krimu usoni," akasema. "Meli nzima ni chuma, na sisi tunatafuta chuma kisichofika hata punje. Ukiingia na vyako, tutakupima wewe."

Kusini zaidi, baada ya siku nyingi za mawimbi na matapishi yangu, bahari ilitulia ghafla. Barafu ilikuwa imeilalia. Vipande vyeupe vya duara viligusana taratibu kama sahani kwenye beseni, na jua lilizunguka bila nia ya kuzama. Kwenye ukingo ule tulikuwa na kituo kimoja tu cha kuchota maji. Meli isingerudi tena, na sura nzima ya tasnifu ya Furaha ilitegemea maji ya hapo.

Tulifanya kazi ndani ya kontena lililofunikwa plastiki kila upande, tukiwa na suti nyeupe na kofia zilizobana hadi kwenye nyusi. Maji yalipita kwenye chujio, juu yake pakabaki utando wa kijani.

"Hizo ndizo chembe," Furaha akaniambia. "Vimea vidogo vilivyokufa, vumbi. Shaba inanata hapo, inazama nazo. Zikioza huko chini, inaachiliwa, inarudi majini. Hata ndani ya chupa haitulii, ndiyo maana tunakimbia."

Tulipotoka nikavua kofia, nikakuna kisogo. Kidole kikagusa kitu kigumu. Ilikuwa pete ndogo ya shaba, imefichwa ndani kabisa ya msuko.

Furaha akaitazama. "Eish. Mama Neema."

"Mimi sikujua, dada."

"Ulishika nywele kule ndani?"

"Sidhani."

"Sidhani haiandikwi kwenye tasnifu, mdogo wangu."

Akacheka kidogo. Njia yote ya kurudi alikuwa akishuka kuzitazama chupa zake, kama mzazi kwenye wodi.

Yeoville, miezi baadaye, nilikuwa kwenye kiti cha Mama Neema ujumbe wa Furaha ulipoingia: "Maji ni safi. Shaba ya bahari tu." Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu kule kwenye barafu.

"Mama, ile pete uliyonifichia ingetuharibia kazi yote. Bahati nzuri haikugusa maji."

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. "Haikugusa hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ah. Basi mmeenda mbali vile, mkarudi, na bahari haijui kama kuna Lubumbashi."

Nilikuwa nikidhani msafiri ndiye anayechagua mzigo wake. Sasa najua mzigo mwingine hufungiwa akiwa amesinzia. Siku hizi, kabla sijainuka kwenye kiti kile, hupapasa kisogo. Juzi nilikuta kitu. Nilikiacha palepale, sikuwa na meli ya kupanda.