Mzee Hodi

Mtaani walimwita Mzee Hodi, kwa sababu kila jengo kongwe alilopewa kukarabati alianza kwa kuligonga ukuta kwa vidole, sikio limebanwa pale pale. Lipu iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachia ukuta hulia kama debe tupu. Kazi hiyo ilimla mgongo, na vumbi la chokaa likamwachia kikohozi kisichosikia dawa.

Jioni hiyo alirudi nyumbani hoi. Posta ya zamani, aliyokuwa akiiziba nyufa tangu mvua zilipokatika, imeamuliwa ibomolewe, pajengwe maduka.

"Angalau wamekupa pole?" mkewe aliuliza.

"Wameniambia nikaondoe ngazi zangu."

Akauegemea ukuta wa chumba chao, na kwa mazoea tu akaugonga. Ukalia debe tupu. Akasogea, akagonga tena, yale yale. Mganga hajigangi.

Mkewe alikuwa akimtazama. Nyufa za ukuta ule alizijua siku nyingi. Ndizo alizozifunika kwa kalenda.

"Umewapigia hodi watu maisha yako yote, baba," alisema taratibu. "Hapa kwako ndiyo kwanza leo. Haya, karibu."