Toleo la Tano Lilipofika Garissa

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, Mkuu wa Takwimu alinionyesha kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, akasema ripoti za visima kutoka Habaswein hadi Lafey zitapitia hapo. Nikaandika programu za kuzipanga na kuzituma kwa barua pepe, kwa lugha ya Perl, toleo la nne. Hakuna mwingine ofisini aliyezielewa, nami nilipenda iwe hivyo.

Kisha akaja Zeinab, binti kutoka Griftu, ametoka chuoni Nairobi. Punde makao makuu wakatuletea toleo la tano. Lilipowekwa mimi nilikuwa Habaswein natengeneza modemu. Programu zangu zote ziligoma. Toleo jipya liliiona alama ya @ iliyomo kwenye anwani kuwa mwanzo wa jina la orodha. Ilibidi itanguliwe na mkwaju wa nyuma, alama hii: \. Kosa liliandikwa wazi kwenye skrini. Ningekuwepo, ningelirekebisha kabla chai haijapoa.

Niliporudi, ripoti zilikuwa zinakwenda. Wala Zeinab hakuishia kwenye mikwaju. Pale nilipotumia neno "local" kutenga vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, aliweka neno lililokuja na toleo la tano: "my", maana yake "yangu". Lilikuwa bora, sikatai. Kigeu kilibaki ndani ya sehemu yake bila kuvuruga kwingine. Lakini niliipitia programu niliyoitunga mwenyewe nikisoma yangu, yangu, yangu, kwa mkono wa mtu mwingine.

"Adeer, kuna mahali nimekosea?" aliniuliza, akiniita ami kwa Kisomali.

Nilitafuta sana. Hapakuwa na kosa.

Mkuu akaniita ofisini. "Bwana Yusuf, kitengo cha kompyuta nampa Zeinab. Wewe utamsaidia."

Nikamsaidia mpaka nikastaafu, na kila aliposifiwa nilijidai nasoma skrini.

Vijana huniuliza siri ya kazi hii. Nawaambia lugha za kompyuta hubadilika. Geuzeni programu zenu mapema, kabla mwingine hajazigeuza.

Siku ya kuniaga nilikuwa nimejiandaa kumsifu Zeinab mbele ya watu, waone nina moyo mkubwa. Akasimama kwanza yeye. Alisema kazi alijifunzia kwenye programu zangu za zamani. Walimpigia makofi mpaka nikasahau hotuba yangu ningeanzia wapi.