Moshi wa Rangi Tatu Njia ya Kanisani

Jambo hili bado linaniumiza, na kama ningekuwa na hakika kwamba hamtalisikia kwa baba mdogo Gervas ningenyamaza nalo mpaka kaburini. Lakini baba mdogo kila akilisimulia anaongeza kipande, kwa hiyo heri mlisikie kwangu: siku kaka yangu Deo aliporudishwa nyumbani akiwa padre mpya, siku ambayo mama aliisubiri tangu Deo anaingia seminari na sanduku lake la bati, mimi Fide ndiye niliyeifukiza kwaya nzima, nikampaka masizi padre, na mwishowe nikakaa kwenye usukani kama mkuu wa wilaya huku padre mwenyewe akisukuma gari. Na hakuna aliyeniomba nifanye lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimeombwa kuosha gari na kuliendesha.

Gari ni Land Rover ya zamani ya petroli, ile yenye mgongo wazi, mali ya Mzee Salum mwenye duka la nafaka pale Sumbawanga mjini. Marehemu baba yake alisombea mahindi ya vijijini kwa gari hilo kabla mimi na Deo hatujazaliwa. Mimi huwa naenda uani kwake kufungua boneti na kutazama, maana ufundi sikuusomea popote, nimejifunza kwenye simu, kwa video za watu walio nchi nyingine kabisa, na kwa ugonjwa wangu wa kutoweza kuona kitu kiko nusu sawa nikakiacha (mama anasema nikiwa mdogo nilikuwa nawapanga kuku waingie bandani kwa ukubwa, na jogoo akikataa nalia). Mzee Salum aliposikia habari za Deo alisema padre ni mtoto wa Ufipa, ni mtoto wetu sote, na hatapanda gari jingine. Akanipa ufunguo.

"Fide, oili tumebadilisha wiki hii. Plagi mpya. Wewe endesha tu."

"Sawa, mzee."

"Usiguse kitu."

"Sitagusa."

"Nakujua wewe. Nimesema usiguse."

Sasa, kwetu padre mpya haji nyumbani kimyakimya. Anapokelewa pale barabara ya vumbi inapoachana na lami ya kwenda Mpui, kwa ngoma, bodaboda zenye matawi, na kina mama waliovaa vitenge vyenye sura yake, kisha anasindikizwa taratibu hadi kanisani kwa misa yake ya kwanza ya nyumbani. Watu wanatembea. Mama hawezi kutembea hivyo, magoti yake yamekwisha kwa miaka ya jembe, na katika mipango yote ya sherehe, ya ng'ombe, ya keki, ya mahema, yeye alitaka kitu kimoja tu. "Sitaki kutangulizwa kanisani nikakae kama mgeni," alisema, "na sitaki kuletwa nyuma watu wamekwisha kukaa. Nataka niingie na mtoto wangu." Ndiyo maana Land Rover: Deo atasimama nyuma akibariki watu, mama atakaa mbele, wataingia pamoja. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Mtoto mmoja kawa padre, mwingine awaendeshe mwendo wa miguu. Ungesema itashindikana wapi?

Gari lililala uani kwetu. Asubuhi nikaamka kabla ya wote kuliosha, na wanaoijua Ufipa mwezi wa saba wanajua maji ya ndoo yanavyouma vidole na upepo unavyopita ndani ya koti kana kwamba umevaa chandarua. Nikaliwasha lipashe. Nikazunguka nyuma, nikaona moshi mweupe, mzito, unatoka bombani na kutambaa hadi kwenye rundo la mahindi.

Baba mdogo Gervas, ambaye ndiye alikuwa MC, alikuwa anafunga spika zake kwenye pikapu nyingine. Akautazama ule moshi, akainua mikono juu.

"Moshi mweupe! Jamani, makardinali wamechagua, tumepata Papa!"

Watu wote uani wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwenye simu yangu moshi mweupe una maana moja tu: maji yanaingia ndani ya injini, na injini inayoingiza maji inaweza kukufia popote, hata ukiwa umembeba mama yako. Nikapiga magoti nyuma ya bomba. Nikakinga kiganja. Nikanusa (na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli, nikalamba kidole).

"Ina ladha gani?" akauliza baba mdogo.

"Maji."

"Basi ni maji ya baraka. Kinga kikombe, utatugawia."

Nikakagua maji ya rejeta: yamejaa pomoni, wala hayajapungua tone. Mtu mwenye akili timamu angefunga boneti hapo, akaenda kunywa uji. Mimi nikaona, kwa kuwa boneti imeshafunguliwa, nitazame na oili. Mjue kwamba uani kwetu ni mteremko, kifuniko cha sufuria kikianguka tunakikimbilia bondeni, na gari lilikuwa limesimama pua juu. Nikazima injini, nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa chini kidogo ya alama. Moyo ukaruka kwa hofu na, nikiri, kwa furaha pia, ile furaha mbaya ya mtu aliyekuta kosa. Kumbe! Mzee Salum amepunjwa! Nyuma ya kiti kulikuwa na dumu la oili, nikamimina kidogo, nikapima, bado. Nikamimina tena. Ikafika katikati ya alama mbili, mahali ambapo fundi yeyote duniani angeridhika, lakini mimi neno "katikati" sijawahi kulipenda, nikaendelea mpaka oili ikagusa alama ya juu sawasawa, nikafuta kijiti kwa kitambaa safi, nikasikia amani.

Jua likatoka. Nikaliwasha tena gari, likapata moto. Moshi mweupe ukaisha wenyewe, nami nikausifu mkono wangu. Nikaingia jikoni kumwambia mama, "Gari lilikuwa linaumwa, nimeliponya." Akasema Mungu akubariki mwanangu. Nikapokea.

Pale njia panda mambo yalianza vizuri mno. Deo alishuka akiwa na kanzu nyeupe inayoumiza macho, vigelegele vikapasuka, bibi mmoja akaanguka kifudifudi kwa furaha akainuliwa. Tukampandisha mama kwenye kiti cha mbele, Deo akapanda nyuma, pikapu ya baba mdogo ikatangulia na spika, na kwaya ikajipanga nyuma yetu, karibu kabisa na bomba la moshi, kwa sababu mwalimu wa kwaya alitaka wawe karibu na padre.

Tukaingia kwenye njia tambarare. Ubeti wa kwanza walimaliza. Ubeti wa pili sauti ya kwanza ikapotea, kisha ya tatu, na nilipotazama kioo cha pembeni sikuona kwaya, niliona wingu la bluu lenye vitenge ndani yake.

"We fundi!" mama mmoja akapiga kelele kutoka ndani ya wingu. "Tunaimba au tunafukizwa kama mbu?"

"Ni nini hicho?" mama akaniuliza.

"Kitu kidogo tu, mama."

"Kidogo, mbona kimemeza kwaya?"

Jasho likaanza kunitoka, na baridi ile. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, hilo nilijua. Kwamba oili yenyewe niliimimina mimi, ikajaa kupita kiasi kwa kuwa niliipimia mlimani, hilo halikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Nilichowaza ni kwamba pistoni zimechakaa, gari linakufa, na nifanye kitu sasa hivi kabla hatujafika. Nikafikiri hivi (msicheke, wakati ule lilikuwa wazo zuri): kama oili haiungui vizuri, basi iongezewe moto. Magari yale ya zamani yana kishikio karibu na usukani, mafundi wanakiita choki, unakivuta asubuhi ya baridi ili injini ipate petroli nyingi iwake. Injini ikishapata moto unakirudisha. Yangu ilikuwa na moto tayari. Nikakivuta chote.

Moshi ukawa mweusi kama chungu.

Na hapo ndipo baba mdogo alipogeuka nyuma na kipaza sauti mkononi, sauti yake ikasikika, nadhani, hadi Mpui: "Ndugu waamini! Moshi mweusi! Makardinali hawajaelewana! Tuendelee kusali!"

Njia nzima ikaangua kicheko. Upepo nao ulikuwa unatoka nyuma, ukauchukua ule moshi ukampandishia Deo. Kando ya barabara watu walikuwa wamepiga magoti kungoja baraka, na gari likiwakaribia nawaona wanafumba macho kwa ibada, kisha wanafumbua, kisha wanainuka na kukimbilia shambani. Deo akagonga bati juu ya kichwa changu.

"Fide! Mshikaji, unataka nife kabla ya misa?"

"Nashughulikia!"

"Acha kushughulikia! Endesha!"

Ushauri ule ulikuja kwa kuchelewa. Tulikuwa tumeanza kupanda kile kilima cha mwisho, msalaba wa kanisa unaonekana juu, injini ikakohoa, ikatikisika, ikazimika. Nikawasha. Ikalia bila kushika. Nikawasha tena mpaka betri ikaanza kuzungumza pole pole kama mgonjwa. Plagi zote zilikuwa zimelowa petroli na masizi. Ngoma ikanyamaza, kwaya ikanyamaza, hata bodaboda.

Mama akatazama kilima. Akatazama magoti yake.

"Nishuke?" akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nyie tangulieni. Nitafika tu."

Nikataka ardhi inimeze. Nikafungua mlango niende kusukuma, angalau hilo, lakini Deo alikuwa ameshashuka na kuja dirishani, uso una madoa kama kanga, ila kanga huwa hana hasira.

"Mama, kaa hapo hapo," akasema. Kisha akanitazama. "Na wewe kaa. Nani mwingine anajua breki za gari hili?"

"Lakini Deo, wewe ni padre, mimi ndiye..."

"Shika usukani, bwana fundi."

Akapandisha kanzu, akaichomeka kwenye mshipi, akaweka mabega. Baba mdogo akaja (akisukuma kwa mkono mmoja, kipaza sauti hakukiacha), kwaya ikaja, wazee wenye fimbo wakaweka fimbo chini wakaja. Wakaanzisha wimbo wa kusukumia. Na mimi, kijana mzima mwenye nguvu, nikakaa kwenye kiti laini nikisukumwa na padre na wazee wa miaka sabini, nimeshika usukani wa gari lisilowaka, natazama mbele kwa makini kana kwamba kuna foleni.

Tulipofika nusu ya kilima mama akanigeukia.

"Asubuhi gari lilikuwa na nini hasa?"

"Lilikuwa linatoa moshi mweupe, mama."

"Na jua lilipotoka?"

"Ukaisha."

Gari likasogea, likasimama, likasogea.

"Asubuhi nilikuona pale uani unapuliza vidole. Na wewe ulikuwa unatoa moshi mweupe mdomoni. Mbona hukujimiminia oili?"

Ilikuwa baridi tu. Gari lilikuwa linapumua kama sisi sote.

Tuliingia uwanja wa kanisa hivyo hivyo, kengele inalia, Deo ameshika mlango upande wa mama akisukuma, mama ndani amenyoosha shingo na kuwapungia watu. Waliingia pamoja. Alikataa kabisa Deo afutwe uso kabla hajamshusha kwa mikono yake mwenyewe. Mavazi ya misa yalifunika kanzu, lakini viganja vyenye masizi ya gari havikutakata kwa maji ya haraka, na kwetu baada ya misa kila mtu hupanga foleni kubusu viganja vya padre mpya, vilivyopakwa mafuta matakatifu. Mama alikuwa wa kwanza. Alirudi kwenye kiti chake na masharubu meusi. Nyuma yake parokia nzima, wake kwa waume, ikaota masharubu.

Mzee Salum alikuja mchana kwenye chakula. Alikwenda hadi lilipo gari, uwanja ukiwa tambarare, akachomoa kijiti, akakitazama kilivyolowa hadi juu.

"Hii ulipimia wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Kwenye ule mteremko wenu."

"Ndiyo, mzee."

Akafunga boneti taratibu, kama mtu anayefunika maiti, akaenda kula pilau. Tangu siku ile naruhusiwa kwenda uani kwake, ila ananiwekea kiti mbali na gari.

Mpiga picha alipiga picha nyingi siku ile, za altare, za keki, za Deo na askofu. Mama alichagua moja tu akaitia kwenye fremu sebuleni: padre kachomeka kanzu anasukuma, mama dirishani anacheka na meno yote, na pembeni yake kijana mmoja ameshika usukani, amekunja uso kwa umakini. Wageni hawakosi kuuliza huyo aliyekaa ndani wenzake wakisukuma ni nani, na mama huwajibu kwa upole kabisa, "Ni mwanangu mwingine. Alikuwa analitengeneza."

Nimeapa. Nikiambiwa nioshe gari, nitaosha gari. Na huku Ufipa, mwezi wa saba, moshi wowote nitakaouona kabla jua halijapanda, uwe wa gari, wa jiko au wa mtu, nitausalimia na kupita.