Kadi ya Redio

Moraa Okemwa alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ufundi mjini Migori, akisomea umeme kwa sababu babake alitaka hivyo. Masomo yakiisha, alikwenda kwenye studio ya Caleb, nyuma ya soko, kujifunza kupiga picha. Kwa miezi minane alipiga picha za pasipoti tu. "Inua kidevu. Usitabasamu," aliwaambia wateja.

Kisha Jumamosi moja Caleb akawa na harusi ya kupiga picha siku ileile kanisa moja la Waadventista lilipomtaka kwa ubatizo Homa Bay. Akampa Moraa kamera yake ya zamani.

"Ni watu kumi na mmoja tu," alimwambia. "Wakiibuka majini, bonyeza."

Moraa aliingia ziwani hadi magotini. Kwaya iliimba ufuoni, Pasta Orina akawazamisha waumini mmoja mmoja, Moraa naye akabonyeza bila kupumzika. Wa mwisho alikuwa Monicah, mama muuza dagaa wa omena mwenye miaka sabini na kitu, aliyeibuka akicheka kama mtu aliyetekenywa. Moraa akajua amepata picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akageuza kamera aitazame.

Hakukuwa na picha. Kadi ya kuhifadhia ilikuwa Migori, kwenye kompyuta ya Caleb, Moraa alikoiacha jana yake.

Alitoka majini. Aliwaza kusema kamera imeharibika. Badala yake akamfuata pasta, ambaye kanzu yake bado ilichuruzika maji.

"Pasta, sina hata picha moja. Nilisahau kadi."

Pasta Orina alipangusa maji usoni. "Na mimi siwezi kuwabatiza mara ya pili."

"Najua, Pasta."

Monicah alikuwa karibu, akikamua sketi yake. "Kadi gani? Kama ile ya redio?"

Akafungua kikapu, akatoa redio ndogo ya kuchezea nyimbo za injili, akachomoa kikadi kidogo kama ukucha. Kwa bahati, Moraa alikuwa na kifaa cha kukiunganisha na kamera mkobani.

"Lakini usifute nyimbo zangu, nyathina, mwanangu."

"Sitafuta hata moja, Dani," alisema Moraa, kama Wajaluo wanavyomwita bibi.

Nyimbo zilikuwa zimejaa. Nafasi iliyobaki ilitosha picha thelathini na tano hivi, yaani tatu kwa kila mtu. Moraa hangeweza tena kubonyeza ovyo. Akawasimamisha mmoja mmoja, wakiwa wamelowa vilevile, ziwa likiwa nyuma yao. Alimuuliza kila mmoja kilichomleta majini siku hiyo, akasikiliza, akangoja. Kijana mmoja fundi wa baiskeli alilia katikati ya jibu. Dada wawili walikataa kuachiana mikono, basi akawapiga picha pamoja.

Monicah alipofika mbele ya kamera alijikaza. "Nisitabasamu?"

"Cheka unavyotaka, Dani."

Jumatatu, Caleb alimgombeza kwanza, kwa kirefu, kuhusu kadi. Halafu akafungua picha. Alirudi kwenye ile ya Monicah mara tatu.

"Nani alikufundisha kungoja hivi?"

"Hakuna. Nafasi ilikuwa ndogo."

Caleb aliichapisha kubwa, akaitundika kwenye mlango wa studio. Watu wakaanza kuingia wakiuliza aliyeipiga. Mwalimu mmoja wa Takawiri akamwita kisiwani awapige wanafunzi wake picha za kuaga shule, mmoja mmoja, "si kwa foleni kama mihogo."

Moraa hakuacha umeme. Alimaliza na cheti akapata. Lakini tayari ana meza yake katika studio ya Caleb, na wateja wanaokuja wakitaja jina lake.

Mwezi uliopita babake alisafiri kutoka Rangwe, anakouza ndizi, akiwa amevaa koti lake la Sabato. Hakusema neno kuhusu nyaya wala soketi. Alikaa kwenye kiti mbele ya kamera, akafunga vifungo vyote, akamwuliza bintiye mikono aiweke wapi.