Meza Iliyohamishwa

Ajali haina kinga. Maneno hayo Dada Pasi aliyakariri njia nzima, maana ndiyo aliyokwenda kuyasema mahakamani ili mdogo wake asifungwe.

Mdogo mtu, waliyemwita Mtaalamu, alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, katika kiwanda cha kufulia nguo alikopiga pasi dada yake. Kazi alitafutiwa na dada huyo huyo, aliyempigia bosi magoti. Sasa ile boila ilikuwa na vali ya usalama. Presha ikizidi, inafoka mvuke, na shuka zilizokwisha kunyooshwa zinalowa upya. Mtaalamu akaikaza kwa waya. Kimya! Wote wakamsifu, Dada Pasi akiongoza, ingawa baadaye alimuuliza pembeni:

"We, haitatulipukia kweli?"

"Dada nawe kwa woga! Mimi nikuweke wewe hatarini? Hebu rudi mezani kwako."

Basi akarudi kwenye mashati yake. Boila ilipopasuka, mvuke ulimbabua mkono wa kulia, na mwenzake wa meza ya pili akapofuka.

Mama yao alimsihi asilitaje lile swali alilomuuliza mdogo wake. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu." Akakubali, na bandeji bado mkononi.

Hakimu alikuwa ameshaeleza kwamba kukosea tu si jinai, kila mtu hukosea. Uzembe wa jinai ni kuiona hatari, ukaipa mgongo, wengine wakaumia. Kesi yote ilisimama hapo: alijua, au hakujua?

"Sikujua, mheshimiwa," alisema Mtaalamu.

Mwendesha mashtaka akamuuliza mbona hakupata hata lengelenge.

"Meza yangu iko nyuma ya ukuta. Niliihamisha siku ile nilipofunga waya. Joto lilinizidi."

Joto! Mtu aliyekaa ubavuni mwa boila tangu aajiriwe, hata chai yake akiipasha hapo! Siku hiyo Dada Pasi ndiye aliyeshika upande wa pili wa meza, wakaibeba wakitaniana.

Alipoitwa kumtetea, hakumtazama mama yake. Ule usemi wa ajali akauacha.

"Alijua, mheshimiwa. Alihamisha meza yake, mimi mwenyewe nikamsaidia kuibeba. Halafu akaniambia nirudi kwenye yangu."