Nilijifanya Dominee wa Mzee Pieter

Nimekosa, ndugu zangu, na aliyepaswa kunisamehe yuko kaburini.

Mimi ni mlezi katika nyumba ya wazee hapa Hayes, London. Jumapili naenda Peckham, kwenye kanisa letu la ukumbi wa kukodi, ambako wananiita Pasta. Chuo cha Biblia sijakanyaga. Nina sauti tu, na kola nyeupe niliyoagiza mtandaoni.

Mzee Pieter, Mholanzi, nilimtunza mwaka mzima. Alipokuwa na nguvu aliniambia kwao mchungaji wa Kiprotestanti huitwa dominee. Neno lilitoka kwenye Kilatini, maana yake "ewe bwana". Wanafunzi walimwita hivyo mwalimu wao, kisha wachungaji wakalirithi kwa kuwa walikuwa watu waliosoma. "Si jina la kujipachika," akasema akicheka. Nikacheka naye, lakini lilinichoma!

Alipozidiwa, Kiingereza kilimtoka kabisa. Akabaki na Kiholanzi, na neno moja: dominee, dominee. Meneja wetu, Mkenya mwenzangu, akanipa namba ya kanisa la Waholanzi. "Pasta, hebu wapigie simu sasa hivi, please."

Sikupiga. Jamani, sikupiga! Nilivaa kola yangu nikaketi kando ya kitanda. Macho yake hayakuona vizuri. "Dominee?" akauliza. Nikamshika mkono, nikasema ndiyo.

Akaungama karibu saa nzima, kwa Kiholanzi. Niliambulia neno moja tu, Annelies, jina la bintiye ambaye hawakusemezana naye miaka mingi. Alilia sana. Mimi kazi yangu amina, amina. Akafariki kabla ya chai ya jioni.

Kesho yake Annelies akaja. "Nimeambiwa mchungaji alikuwa naye. Alisema nini juu yangu?"

Ningesema ukweli pale pale! Badala yake nikajibu, "Alisema amekusamehe."

Akanikodolea macho. "Amenisamehe? Mimi? Yeye ndiye aliyenikosea!" Akachukua koti lake akaondoka. Hata mazishini hakuja.

Ole wangu! Huenda saa ile nzima mzee alikuwa akimwomba bintiye msamaha. Nimempigia Annelies mara nyingi, hapokei. Kola nimeitupa, lakini haijasaidia kitu.

Wewe unayependa kuitwa Pasta, nakusihi, mtu akikuomba mchungaji wake, mwitie. Maneno ya mwisho ya mzee yule ninayo mimi peke yangu, na siyaelewi.