Pale Mstari Ulipopanda

Osewe alikuwa fundi wa rangi, wa kuitwa siku kazi ikipatikana, mpangaji wa mtaa wa mabanda wa Soweto West, na mdomo alikuwa nao. Hilo hata waliomchukia walikubali. Matangani akisimama kumsifu marehemu, watu walilia hata kama marehemu alikuwa mwizi wa kuku. Ndiyo maana Kabiru, kijana wa landlord mmoja wa mtaa wa Kawangware 56, alimwita waanze kurekodi video za kuchekesha nyuma ya saluni ya mamake. Osewe angecheza fundi, Kabiru angecheza tajiri, na simu ingeegemezwa kwenye ndoo.

Video ya kwanza Osewe aliongea hadi akatokwa jasho. Mwishoni tajiri akampiga kofi, kofi la mchezo tu.

Baada ya siku mbili Kabiru akamwonyesha grafu. Jamani, hiyo grafu! Ni mstari tu, unaonyesha watazamaji wamebaki wapi na wametoroka wapi. Osewe akifungua mdomo, mstari unaanguka. Kofi likilia, mstari unapanda, kwa sababu watu wanarudisha nyuma waone tena.

"Si mimi nimesema, bro," Kabiru akasema. "Ni watu."

Basi watu wakapewa walichotaka. Maneno yakapunguzwa, makofi yakaongezwa. Kofi la mchezo halikuwa na mlio mzuri, kwa hiyo likaja la kweli, na sikio la kushoto la Osewe likaanza kuvuma. Huko kwenye ploti alikopanga, watoto walijifunza kumchapa kofi na kukimbia, na mama zao, badala ya kuwakanya, walicheka wakashika mbavu. Naye akacheka. Afanye nini? Akinuna wanasema ameanza kuringa. Angeacha, lakini jina lake lilikuwa limeanza kutajwa, na mtu aliyepaka rangi nyumba za wengine miaka yote bila kuulizwa jina hawezi kuliachia hivi hivi.

Lakini kulikuwa na mamake, kule Homa Bay. Alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni mwigizaji, ingawa simu yake ilikuwa ya kupiga tu, haionyeshi video. Sasa Bridgit, binti ya jirani, alikuwa amenunua simu nzuri na kuahidi kuwaonyesha wote Jumapili baada ya ibada. Habari hizo zikamfikia Osewe. Mama amwone akizabwa makofi mbele ya akina mama wa kanisa? Heri ardhi impasukie.

"Moja tu," akamsihi Kabiru. "Video moja niongee, nisipigwe. Iwe ya mama."

"Sawa, ongea," Kabiru akasema.

Na siku hiyo Osewe aliongea, asikudanganye mtu. Alicheza fundi aliye juu ya ngazi, anapaka rangi nyumba ya watu huku yake ikivuja, anampigia mamake simu kumwambia kila kitu kiko sawa. Wasusi waliacha vichwa vya wateja wakaja mlangoni, wakifuta macho na vitambaa vya kazi. Alipomaliza, akabaki ameitazama simu. Kabiru akanyoosha mkono kuizima.

Osewe akaruka nyuma, viganja usoni, kichwa kimezama mabegani.

Ni kitu cha sekunde moja. Kabiru angekikata. Hakukikata, shetani yule.

Jumapili alasiri walikaa nyuma ya saluni wakitazama grafu. Mstari ulianguka mapema na kulala chini muda wote wa maneno. Halafu, mwisho kabisa, ukasimama wima, juu kuliko kofi lolote. Watu walikuwa wanaandika kwa kicheko: hata hajaguswa!

Simu ya Osewe ikalia. Alikuwa mama. Osewe akaweka sauti juu, maana lile sikio halikuwa linashika vizuri tena.

"Wuoda, mwanangu, nimekuona."

"Umenisikia nikiongea, mama?"

"Bridgit alikuwa anaturudishia pale mwisho tu. Wamecheka sana, kanisa lote. Mimi sikucheka. Hivyo ndivyo ulikuwa unajikinga baba yako akifungua mlango. Nilidhani ulisahau. Nani anakupiga huko?"

"Hakuna mtu, mama. Kila kitu kiko sawa."

Akakata. Kabiru alikuwa amesikia yote. Alitazama chini, akakuna kidevu, na kwa kitambo ungedhani ameona haya. Kisha akaichukua simu yake na kuiegemeza tena kwenye ndoo.

"Hiyo ya baba yako hukuwahi kuniambia," akasema kwa upole. "Mimi nicheze yeye. Nitaingia tu kwa huo mlango. Sitakugusa hata."

Akaingia ndani ya saluni, akaufunga mlango. Osewe alisimama pale mbele ya simu akitaka kusema hapana, na maneno ya kusema hivyo alikuwa nayo. Komeo likalia. Mikono yake ikapanda usoni yenyewe.